Pipa Lililobaki Kwenye Lori

Kazi yangu ni tope. Watu wakiniuliza huwa nasema nachimba visima, kwa kuwa ndiyo njia fupi, lakini anayechimba ni mzee wa rigi, yule anayeshika vishikio na kuisikiliza mashine. Mimi nachanganya tope linalosukumwa chini kupitia bomba. Linapoza kichwa cha kuchimbia, linashikilia kuta za shimo zisiporomoke, halafu linapanda juu likiwa limebeba mawe yaliyosagwa. Likiwa jepesi mno shimo linajifukia. Likiwa zito mno pampu inaanza kulia. Nalipima kwa kulipekecha kati ya vidole viwili. Nilikuwa na sifa mjini Arusha kwa vidole hivyo, na sifa zilinipanda kichwani.

Mhandisi wetu alikuwa kijana mwenye adabu, wa kuniamkia shikamoo kila asubuhi hata kama jana yake tumegombana. Siku moja alikuja na jambo alilolisoma. Kwenye mabwawa ya majitaka, maji ya vyoo vya mji yakishasafishwa, chini hubaki tope jeusi. Tope hilo likikaushwa, kisha likachemshwa kwa chokaa na kostiki soda, linatoa utelezi wa ajabu. Ukiutia kwenye tope la kuchimbia, bomba linazunguka bila kukamatwa na udongo. Kilainishi tulichozoea kilitoka mbali, na mara nyingi tulikingoja wiki nzima mashine imelala. Hiki kilikuwa kimeanikwa juani hapo hapo mjini, na hakuna aliyekitaka.

"Kwa hiyo tutalainisha bomba kwa mavi," nilimwambia.

"Yaliyotibiwa, dada."

"Haya. Mavi yaliyotibiwa."

Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasema kitu kimoja mara mbili, macho yake yakiwa kwangu, kwa sababu mchanganyaji ni mimi. Hiki ni cha majaribio. Kitatumika kwenye mashimo ya kupimia udongo tu, yale yanayochimbwa kabla ya kujenga ghorofa na kufukiwa baadaye. Kisima cha maji ya kunywa, hapana. Nikamwambia mimi si mtoto.

Tope hilo tulilichemsha wenyewe kwenye yadi yetu Engutoto. Tulipata mapipa matatu, tukayainua juu ya mawe na kuwasha kuni chini yake, na kazi ya kuyasimamia ikawa yangu. Pipa moja lilitaka karibu siku nzima ya moto. Mwanzo linanuka choo, waziwazi, majirani wakafunga madirisha na mmoja akaja getini kutuuliza kama sisi ni Wakristo. Baadaye povu linatulia na harufu inageuka, inakuwa kama sabuni inayopikwa na mifupa. Hapo ndipo limeiva. Mhandisi alisema moto ule na kostiki ile haviachi mdudu hai, lakini lazima muda utimie.

Pipa la kwanza liliiva. La pili liliiva. La tatu halikufika hata nusu ya safari, mvua ikashuka kutoka mlimani na kuuzima moto. Nililifunika nikisema kesho nitawasha tena. Kesho yake kuni zilikuwa mbichi, na keshokutwa tukaitwa kazini Moshono. Yale mawili yaliyoiva niliyatia alama kwenye vifuniko kwa mkaa. Mkaa, kwenye yadi isiyo na paa, msimu wa mvua! Nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Moshono kilainishi kilifanya kazi kuliko tulivyotarajia. Mzee wa rigi, mtu asiyesifia kitu, alisema bomba linashuka kama linapita kwenye siagi. Pipa la kwanza lilipokaribia kuisha niliagiza lingine kutoka yadini, vijana wakalipakia kwenye lori na kulileta. Lakini tulimaliza shimo kabla ya kulifungua. Lori likaondoka na pipa lile nyuma, moja kwa moja hadi kazi iliyofuata, na kazi iliyofuata ilikuwa kisima cha kanisa Akheri.

Akheri ndiko nilikozaliwa. Mama yangu anaishi pale pale, chini kidogo ya kanisa, kwenye kihamba cha migomba na kahawa alichoachiwa na baba. Ana zaidi ya miaka themanini na ndiye mwanamke mkubwa kuliko wote waliobaki usharikani. Maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu, na kiangazi zamu ya chini hufika ikiwa matone. Kwa hiyo kisima kile kilisubiriwa kama mgeni wa heshima. Siku ya kwanza mama alikuja na kiti chake, akakaa mbali kidogo na mashine, akawaeleza wenzangu wote kwamba nilipokuwa mdogo nilikuwa nawakimbia vyura. Mzee wa rigi alinitania kwa hilo mpaka tukafika kwenye mwamba.

Siku ya nne tulikutana na ule udongo. Wanaochimba chini ya Meru wanaujua: majivu ya zamani ya mlima yaliyogeuka kuwa mfinyanzi, yakipata maji yanavimba na kukumbatia bomba. Mashine ilianza kutetemeka. Mzee wa rigi akajaribu kuinua, bomba likagoma. Akajaribu kuzungusha, likagoma.

"Tope limekuwa gundi!" alinipigia kelele. "We mama, unafanya nini huko?"

Nilikuwa nafanya kila ninachojua. Niliongeza maji, nikapunguza unga wa udongo ninaotengenezea tope, nikapekecha kwa vidole, na vidole havikunisaidia. Bomba likikwama moja kwa moja, unaliacha ardhini pamoja na kichwa chake na shimo linakuwa limekufa. Mhandisi alikuwa mjini. Watu wa usharika walikuwa wamesimama kando ya ua wa miti ya masale wanatazama, na mama yangu akiwa katikati yao kwenye kiti chake, akijivunia binti yake. Sikufikiri muda mrefu. Nilipanda kwenye lori, nikafungua lile pipa bila kutazama alama wala kunusa, nikachota ndoo baada ya ndoo na kumimina kwenye shimo dogo la kuchanganyia tope.

Bomba lilitoka. Lilizunguka kwanza kwa kukwaruza, halafu kwa ulaini, na watu kwenye ua wakapiga vigelegele. Mzee wa rigi aliniuliza nimeweka nini, nikamjibu kilainishi, akasema kazi nzuri, basi. Nilikuwa nimefurahi. Nakiri kwamba kwa saa nzima nilitembea nikiwa nimefurahi, kichwa juu.

Hofu ilinijia wakati wa kunawa mikono. Nilisugua kwa sabuni, nikanusa, nikasikia choo.

Nilinusa tena. Nikajiambia ni mawazo. Nilikwenda kwenye lori kunusa pipa, lakini vijana walikuwa wameshalimaliza na kulisuuza, kama walivyozoea kufanya kwa kila chombo kitupu. Kifuniko nacho kilikuwa kimeoshwa. Nilikaa kwenye ukingo wa lori, nikaanza kuyahesabu mapipa. Lile la kwanza lilipokwenda Moshono, yadini yalikuwa yamebaki mawili, lililoiva na ambalo halijaiva. Hapa lililetwa lipi?

Kesho yake nilitoa uongo wa kwenda kuchukua unga, nikakimbilia Engutoto. Nilijua nikilinusa lile lililobaki nitajua yote. Halikuwepo. Mlinzi wetu, mzee wa kule upande wa magharibi ya mlima, mfugaji asiyeweza kuona mbolea ikikaa bure, alikuwa amelimimina kwenye mboga zake nyuma ya choo.

"Lilikuwa linanukaje, baba?" nilimuuliza.

"Linanuka mavi."

"Mavi mabichi au kama sabuni?"

Alinitazama kwa huruma. "Binti yangu, mavi ni mavi."

Nilirudi Akheri. Nilipomwambia mhandisi kwamba nimetia kilainishi kile kwenye kisima, rangi ya uso ilimtoka. Alinivuta nyuma ya lori. Hakunigombeza, na ningependa anigombeze.

"Lakini lilikuwa limechemka, dada? Mpaka mwisho?"

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ukafunguka wenyewe, ukasema, "Ndiyo. Mpaka mwisho."

Akapumua. Akasema basi tutasafisha kisima kuliko tulivyowahi kusafisha chochote, tutatia klorini, na jambo hili lisitoke hapa, maana kazi yake itaisha na yangu pia. Tulipuliza kisima kwa kompresa siku mbili mfululizo. Maji yalianza na rangi ya kahawa ya maziwa, yakawa ya majivu, yakawa meupe kabisa. Klorini ikatiwa, ikakaa, ikatolewa. Wote walifurahia yale maji. Mimi nilikuwa nayaangalia yakitiririka kuelekea kwenye migomba.

Niliweka tumaini langu kwenye maabara. Sampuli ilikwenda, karatasi ikarudi: maji ni salama. Niliinyakua mikononi mwa mhandisi nikaisoma mstari kwa mstari, na ndani yake kulikuwa na kitu kimoja tu kilichopimwa. Floraidi.

Huku kwetu adui wa maji anajulikana. Floraidi ndiyo inayotia meno yetu rangi ya kahawia na kuipinda miguu ya watoto. Ukimwambia mtu wa Meru kwamba maji yamepimwa, hakuulizi vijidudu. Anakuuliza floraidi ikoje, na ikiwa sawa anakwenda kuleta ndoo. Wazee wa kanisa walijaza fomu ya maabara kwa namna hiyo, na hakuna aliyeona kuna kilichosahaulika, hata mhandisi. Mimi niliona. Kuomba vipimo vingine kulikuwa sentensi moja tu, lakini baada ya sentensi hiyo lazima mtu angeuliza kwa nini. Nilibaki nayo mdomoni kuanzia Jumatano hadi Jumapili.

Siku zile nne sikulala vizuri wala sikula. Nilikuwa napiga hesabu za kijinga. Klorini huua. Ndiyo, lakini je, kama kuna tope lililojibana kwenye mwamba? Mara nyingine najiambia lililoletwa ni lile lililoiva, nusu kwa nusu, kwa nini nijitishe. Halafu nasikia ile harufu mikononi. Nilinawa mpaka ngozi ya viganja ikachubuka. Niliogopa watu kuharisha na kufa, na niliogopa zaidi, nasema kwa aibu, watu wa Akheri wakijua kwamba binti yao amewaletea vyoo vya mjini ndani ya kisima. Ningepitaje tena njia ile? Mama angekaaje kanisani?

Jumapili baada ya ibada tulitoka wote kwenda kisimani. Mwinjilisti aliomba, akaisoma ile karatasi kwa sauti, watu wakaitikia amina kwa floraidi. Bomba likafunguliwa. Maji ya kwanza yakakingwa kwenye kikombe cha bati, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, kikombe akapewa mama yangu.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu. Mama alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akakiinua, kisha akakishusha.

"Subirini," alisema. "Pombe ikiletwa, nani anaanza?"

Watu wakacheka, wakajibu kwa pamoja: aliyepika. Kwetu ni hivyo. Mwenye pombe hupiga funda la kwanza mbele ya wageni, wote wakimtazama, ili ijulikane kwamba alichowaletea hakina kitu. Hakuna mgeni mwenye akili zake anayekunywa kabla ya hapo.

"Kisima hiki kimepikwa na binti yangu," mama alisema, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa majivuno. "Aonje mpishi."

Akaninyooshea kikombe.

Ningeweza kuyamwaga. Ningeweza kusema, mama, bado. Watu kama mia walikuwa wananiangalia wakitabasamu, mhandisi alikuwa ametazama chini, na mkono wangu ukaenda ukakipokea kikombe. Nilikunywa. Maji yalikuwa baridi na matamu. Ugonjwa wangu mwenyewe haukunitisha hata kidogo wakati ule. Kilichonitisha ni kwamba nilipomeza, nilikuwa nimeshatoa ushahidi, na kila mtu pale aliusikia.

Mama alikichukua kikombe akanywa mpaka chini. Akajipangusa mdomo. Vigelegele vikapigwa.

Sikusema kitu. Nilimtazama mama yangu akimeza, nikaliona koo lake jembamba likipanda na kushuka, na sikusema kitu.

Kikombe kikajazwa tena kikapita kwa mwinjilisti. Akakigusa na midomo, akakipitisha kwa mwanamke aliyekuwa karibu naye, mke wa jirani yetu, amembeba mtoto wa miezi michache. Huyu hakunywa kwanza. Alichovya kidole chake kwenye maji akakipeleka kwenye midomo ya mtoto, kama wafanyavyo wanawake wote kwa kitu cha baraka.

"Usimpe!" nilipiga kelele. "Usimpe mtoto! Hayajapimwa!"

Kikombe kilianguka. Nakumbuka sauti ya bati kwenye mawe, na mimi nikisema yote bila kupumzika: mabwawa, pipa, mvua, mkaa, uongo niliomwambia mhandisi. Wengine hawakuelewa nusu yake, lakini walielewa choo. Mwanamke yule alikuwa anafuta midomo ya mtoto kwa khanga, anafuta tu, anafuta. Mzee mmoja wa kanisa alifunga bomba na kukaa mbele yake. Mtu fulani nyuma alinitukana kwa Kimeru, tusi ambalo sijalisikia tangu utotoni, na hakuna aliyemkemea.

Nilimfuata mama nyumbani. Alitembea mbele bila kugeuka. Jikoni alikaa kwenye kigoda, akavua kitambaa cha kanisani, akakikunja mara nne. Nilimwuliza kama tumbo linamuuma.

"Ulijua nilipokuwa nakunywa?" aliniuliza.

"Nilijua, mama."

"Mtoto wa jirani ukampigia kelele."

"Ndiyo."

"Mimi mbona ulininyamazia?"

Nilijibu mambo mengi ambayo hayakuwa jibu. Nilisema tumpigie daktari, nilisema nitalala pale nimwangalie, nilisema na mimi nimekunywa. Aliniambia nirudi kwangu, kesho kuna kazi. Kazi haikuwepo, nilikuwa nimeshasimamishwa pale pale kisimani, lakini niliondoka.

Sampuli nyingine ilichukuliwa, safari hii ya vijidudu na ya kila kitu kinachopimika. Tulisubiri siku tisa. Kila asubuhi nilimpigia mama simu, kila asubuhi akapokea, akasema "mzima," akakata. Siku akichelewa kupokea nilikuwa nakaa chini sakafuni na simu mkononi. Nilijiona nikimzika. Nilipanga hata nitakaa wapi wakati wa mazishi, na kama wataniruhusu kukaa.

Siku ya kumi mhandisi alinipigia. Maji hayakuwa na kitu. Labda pipa lilikuwa lile lililoiva, labda klorini na kompresa vilifanya kazi yake. Hatutajua kamwe. Nililia barabarani mbele za watu, nikapanda pikipiki ya kwanza niliyoiona hadi Akheri.

Mama alikuwa uani anapukuchua mahindi.

"Maji ni mazima, mama," nilisema kabla hata ya kumwamkia. "Wamepima vyote. Hayana kitu kabisa."

"Nimesikia. Mwinjilisti alipita." Akachukua hindi jingine. "Mimi nilikuuliza kitu siku ile."

Nilikaa chini mbele yake. Nilikuwa nimefikiri siku tisa na sikuwa na jibu lililo zuri kuliko la kweli.

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa nini?"

"Watu. Niliogopa watu."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Alinitazama bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa tu.

"Na mimi, mwanangu," alisema, "mimi si mtu?"